Wanaokuja Kusukuma Ukuta Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Wamerudi. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mteja nikasikia viganja vya watu ukutani. Hawapigi hodi hawa. Wanasimama upande ule nyumba yangu inakoinamia, wananyanyua mikono kama wanaizuia isianguke, mwenzao anapiga picha, wanacheka, wanapokezana. Mmoja aliniona dirishani akanipungia mkono. Nikampa mgongo.

Msimu wa wageni umeanza, na mimi naanza kuandika. Mwaka jana nilimeza kila kitu mpaka nikapata vidonda vya tumbo. Mwaka huu simezi. Nitayaandika hapa maneno yote ya Shemeji, ili siku ya kumlipa nisisahau hata moja.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na kwenye kiwanja walichoachiwa na baba yao alijenga nyumba mbili za ghorofa moja, yetu kwanza, kisha ya mdogo wake. Katikati kuna uwanja mwembamba wa zege. Nyumba yetu imeinama kuelekea uwanja huo. Shemeji ameipa jina la Nyumba ya Mlevi, anauza tiketi, na wateja wake anawasimamisha pale pale uwanjani ili waisukume vizuri.

Maneno yake ya leo, kwenye maikrofoni: "Mabibi na mabwana, fundi aliyejenga nyumba hii alishika mwiko mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto. Na chupa ndiyo iliyokuwa nzito!"

Wakacheka. Wanacheka kila siku hapo hapo.

Mume wangu hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Mabasi mawili. Suruali tatu za kupunguza kiuno. Chupa ilikuwa nzito mara sita.

Alhamisi, 6 Juni

Kuna turubai jipya. Limefunika ubavu mzima wa nyumba ya Shemeji, kuanzia juu hadi chini, likitazamana na dirisha langu. Limechorwa mwanamume mnene, mdomo wazi, mwiko mkononi, chupa imetiwa mfukoni. Kwa hiyo sasa nikifungua dirisha asubuhi namwona "mume wangu" mrefu kama mnazi ananichekea kilevi.

Binti yangu ndiye anayekata tiketi mezani. Alikuja kula mchana akiwa amevaa fulana yenye picha hiyo hiyo.

"Ivue," nikamwambia.

"Mama, ni sare ya kazi."

"Huyo kifuani kwako ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni mchoro tu."

"Baba yako huyo."

Akala. Alipomaliza akasema watu wa mtaa mzima wanaishi kwa nyumba hii, wa maji baridi, wa kofia, wa maegesho, na kwamba Baba Mdogo angalau amempa kazi wakati wengine walimpa pole. Nikakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari. Kweli ni kweli, hata ikisemwa na mtoto aliyevaa fulana ya kumtukana baba yake.

Jumapili, 9 Juni

Wameenda kuona vivutio vingine. Nimelala mchana.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimeshindwa. Shemeji ameongeza kipande kipya: eti mke wa mlevi alikuwa anamsubiri mlangoni na mchi, ndiyo maana nyumba iliinama, ilikuwa inamkwepa.

Nikafungua dirisha kwa nguvu. "Mwongo wewe! Mwongo mkubwa usiye na haya! Kaka yako ndiye aliyekulisha, aliyekuvisha, aliyekujengea hiyo nyumba unayolala, leo unamfanya kichekesho! Utakufa na maikrofoni kooni!"

Nikasema na mengine ambayo sitayaandika, maana binti yangu anaweza kuyasoma.

Nilipotulia ili nipumue, wakapiga makofi. Wote. Mama mmoja wa makamo alifuta machozi ya kucheka. Shemeji akainamisha kichwa kwa heshima, akanielekezea mkono kama mtu anayemtambulisha mwimbaji.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwaga ndoo ya maji machafu ya kufulia. Wamefurahi kuliko jana.

Jumamosi, 15 Juni

Kibao cha barabarani kimepakwa upya: NYUMBA YA MLEVI NA MJANE MKALI. Makoti ya plastiki yanauzwa mezani kwa binti yangu, kwa anayetaka kusimama karibu.

Hasira yangu imekuwa bidhaa. Ningejua, ningeizuia kifuani ioze humo humo.

Jumatatu, 17 Juni

Leo naandika lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa mdogo na yuko shule ya bweni.

Nyumba hii haikujengwa imeinama. Ilisimama wima miaka mingi. Kisha Shemeji akaanzisha biashara ya kuosha magari, akataka shimo la maji machafu. Mume wangu akamwambia, usichimbe kati ya nyumba hizi mbili, shimo litakula misingi. Shemeji akamwitikia, "Sawa, kaka." Mume wangu akaenda kwenye kazi ya mbali, na aliporudi shimo lilikuwa limechimbwa, refu kuliko mtu kusimama juu ya mtu, tena limeanza kutumika. Mvua za mwaka ule zikapita, nyumba yetu ikaanza kuegemea.

Biashara ya magari ilikufa. Shemeji akafunika shimo kwa zege. Hilo ndilo jukwaa lake la picha.

Mume wangu alikuwa anashusha timazi ukutani kila asubuhi, anaitazama ile kamba na ukuta, anaikunja na kuirudisha mfukoni bila neno. Aling'oa fimbo zote za mapazia akazifunga upya kwa pimamaji, ili angalau kitu kimoja humu ndani kiwe sawa. Watu walipomuuliza alisema ni udongo. Mimi nilitaka kwenda manispaa. Akanikatalia. "Nikimtaja nimemvunja. Ni mdogo wangu yule. Halafu wakiliona shimo watazifunga nyumba zote mbili, na sisi twende wapi?"

Basi nikanyamaza. Kwa ajili ya damu yake, na kwa ajili ya paa langu. Alikufa akiitwa fundi aliyeshindwa kunyoosha nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyempa kazi tena miaka yake ya mwisho. Na yule aliyefichiwa siri ndiye anayemwita mlevi.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Sijui nitamtenda nini, lakini nitamtenda.

Alhamisi, 20 Juni

Nimefunga dirisha. Naliacha limefungwa. Joto la pasi linaniua, lakini afadhali nife mimi kuliko wao wacheke.

Jumatatu, 24 Juni

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shemeji amekuja mwenyewe hadi mlangoni, amevua kofia.

"Shemeji, u mzima? Wageni wanakuulizia."

"Waambie nimekufa."

"Usiseme hivyo. Hebu sikiliza. Saa nne tu, na saa tisa. Unafungua dirisha, unanitukana kidogo, unafunga. Hata tusi moja. Lile la maikrofoni kooni watu wanalipenda sana."

Nilimtazama nikitafuta kama ana aibu hata ya kuazima. Ana macho ya mume wangu, ndiyo balaa. Macho yale yale, yamewekwa kwa mtu mwingine.

"Nitafikiri," nikasema, nikafunga mlango.

Jumanne, 2 Julai

Leo amekuja mke wa Shemeji, Mama Mapacha. Huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumpenda. Aliolewa baada ya yote, akaja na kucha ndefu na viatu vya kugonga, akawa anacheka kwa sauti mume wake anapotania wageni. Wasichana wake pacha wana miaka minne, nao wanajua kuigiza mlevi anayeyumba. Wanamwigiza baba yao mkubwa.

Anataka mapazia. Juu ya nyumba yao wamejenga vyumba vya wageni, vitazinduliwa Jumamosi ya tarehe ishirini, atakuja ofisa wa utalii kukata utepe.

"Nataka yafike chini kabisa, dada. Yaguse sakafu mwanzo hadi mwisho."

"Mafundi wa mapazia wamejaa mjini."

"Nakutaka wewe."

Alisema bila kuringa, akaangalia pembeni. Nikadhani ni mbinu za mumewe za kunilainisha. Nikakubali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilitaka kuingia ndani ya nyumba ile nione ni kitu gani kinaweza kuungua.

Ijumaa, 5 Julai

Nashona. Kitambaa kizito cha rangi nyekundu, hakina ndani wala nje, pande zote sawa. Wageni wengi. Chupa imekuwa nzito mpaka nimeacha kuhesabu.

Jumanne, 9 Julai

Leo niandike taratibu.

Nilipeleka mapazia kwa Mama Mapacha, nikapanda naye ghorofani. Fimbo zilikuwa tayari zimefungwa, zimenyooshwa kwa pimamaji. Nikatundika la kwanza, nikashuka kwenye kigoda, nikaona aibu ya mwaka. Pindo limekaa mshazari. Upande wa kushoto kitambaa kimelala sakafuni kama nguo chafu, upande wa kulia kinaning'inia juu hewani.

Nikajua mara moja nilichofanya. Humu kwangu fimbo ziko sawa lakini sakafu imeteremka, kwa hiyo kila pazia nililojishonea nimelikata pindo refu upande wa kushoto. Mkono umezoea. Nimemkatia mwenzangu mapazia ya nyumba iliyoinama! Fundi wa miaka yote hiyo, kosa la mwanafunzi, tena mbele ya mwanamke huyu mwenye kucha.

"Samahani," nikasema, "nitayakata upya." Nikalivua, na kwa kutaka tu kupima nipunguze kiasi gani, nikaligeuza ndani nje na kulitundika tena.

Likagusa sakafu mwanzo hadi mwisho.

Nikasimama. Nikaligeuza la pili. Likagusa. La chumba kinachofuata, likagusa. Yangu marefu kushoto, haya marefu kulia. Nikaenda dirisha la ubavuni, linalotazamana na langu, na kupitia tundu la turubai nikaiona nyumba yangu inanijia, na mimi niliposimama nilikuwa naiendea.

Nyumba ya Shemeji nayo imeinama. Inaelekea shimoni, kama yangu, kila moja kutoka upande wake. Na turubai la mlevi halikutundikwa kwa ajili ya mchoro. Limetundikwa kuficha ukuta.

"Fundi wa fimbo alisema dirisha ndilo limekaa vibaya," Mama Mapacha akasema nyuma yangu. "Mume wangu akamlipa haraka, akamtoa. Wanangu wakiweka mpira chini unakwenda wenyewe, dada. Kila siku kona ile ile. Nikimuuliza ananiambia nina wasiwasi wa kike."

"Uliniita nitundike mapazia, au uliniita nione?"

Akalishika pazia. Kucha zake, nilipoziangalia kwa karibu, zilikuwa zimetafunwa.

Ningeweza kumwambia kuhusu shimo pale pale. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza Jumamosi ya tarehe ishirini, umati, utepe, ofisa wa utalii, na Shemeji katikati na maikrofoni yake. Nilimwambia tu asiwalaze watoto upande ule. Nikateremka ngazi nikiwa mwepesi kama msichana.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefungua dirisha leo, saa nne, nikamtukana Shemeji kama alivyoomba. Lile la kooni pia. Akanishukuru kwa mkono kifuani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumamosi, 13 Julai

Mawingu. Si majira yake.

Jumapili, 14 Julai

Vyumba vipya vina mabafu manne, na mabomba yake yote yanaingia shimoni. Nimesikia maji yakishuka chini ya zege walipokuwa wanayajaribu. Mume wangu alikuwa akisema, shimo likikaa kavu nyumba zitakaa hivi hivi hata miaka hamsini. Likipata maji, hajui.

Watoto wale wako mle ndani. Nimeandika hivyo, nimeona nilivyoandika, na bado nasubiri Jumamosi. Ndivyo chuki ilivyo. Inakaa mezani na wewe, inakula na wewe, mpaka unaanza kuipakulia kwanza.

Jumatano, 17 Julai

Mvua kutwa. Wageni na makoti ya plastiki, hata sijamwaga kitu.

Alhamisi, 18 Julai

Mvua haikukatika. Shemeji alikuwa uwanjani na kundi chini ya miavuli, amefika kwenye chupa. Nikasikia mlio kama mbao inavunjwa na goti, halafu sauti ya Mama Mapacha ikilia, si kilio cha kuita jirani, kilio cha kuita yeyote.

Sikufikiri. Pasi yangu ya chuma ilikuwa mkononi, nikatoka nayo. Kupita ni lazima upite uwanjani, katikati yao.

"Huyo hapo!" Shemeji akapaza sauti. "Mjane Mkali mwenyewe, leo kashuka na silaha!"

Wakanipigia makofi. Wakanipiga picha. Nikawapita nikiwa nalia na wao wakaona ni sehemu ya onyesho.

Juu, mlango wa chumba cha ubavuni ulikuwa umebanwa na fremu. Fremu ilikuwa imejipinda, mlango umekazwa kama kizibo, na mmoja wa mapacha alikuwa ndani. Mama yake alikuwa ameuvuta kwa vidole hadi vinatoka damu. Nikamwambia mtoto, "Nenda kona ya mbali, funika macho, Mama Mkubwa anaingia." Nikaupiga ubao wa chini kwa pasi. Nikapiga mpaka bega likaniuma, ubao ukapasuka, nikauvunja kwa mikono, na mtoto akatokea kwa miguu kwanza, akiwa na vumbi la plasta kichwani, nywele nyeupe kama bibi kizee.

Alinishika shingoni hakutaka kuniachia. Alikuwa na uzito wa binti yangu zamani. Na mimi nilikuwa nimemwacha mle tangu tarehe tisa, nikisubiri utepe.

Nikamwambia Mama Mapacha habari ya shimo, yote, pale pale ngazini. Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa jina la ugonjwa ambao dalili zake anazijua.

Shemeji akapanda, amelowa, maikrofoni shingoni. Akauona mlango, akamwona mtoto, akaniona. Hakuuliza kilichotokea. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakuuliza.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi ipite tu. Nakuomba. Nimekopa kila mahali. Jumamosi ikipita nitaita mhandisi, nitajaza shimo, nitafanya yote."

"Ulijua nyumba yako inainama."

"Niliona kidogo kidogo."

"Ukatundika picha ya kaka yako juu ya ufa."

Akatazama chini. "Marehemu haumii, shemeji. Sisi tulio hai tunakula."

Mkono wangu ulikuwa bado na pasi. Ninaandika hivi ili nikumbuke kwamba sikumpiga.

"Watoto watoke humu sasa hivi," nikasema. "Jumamosi utakuja na maikrofoni yako, na mimi nitakuwepo."

Akanishika mikono yote miwili, akashukuru. Alidhani nimekubali.

Ijumaa, 19 Julai

Watoto wako kwa bibi yao, mzaa mama. Mama Mapacha amerudi peke yake, akaja jikoni kwangu na pazia moja jekundu, akakaa.

"Nipe mkasi wako mkubwa, dada," akasema.

"Wa nini?"

"Kamba za turubai ziko kwenye dirisha langu."

Nilimpa. Nimemchukia mwanamke huyu kwa kicheko chake, kumbe alikuwa anacheka ili asisikie nyumba ikilia.

Jioni nimemwambia binti yangu. Alikaa chini. Kisha akauliza, "Wakifunga zote mbili, mama, utakwenda wapi?" Nikamwambia nitakuja kwako na cherehani yangu na vidonda vyangu vya tumbo. Akacheka, halafu akalia, halafu akaivua fulana akaitia kwenye kikapu cha vitambaa vya kupigia deki.

Nimefungasha. Nguo, vyombo, vifaa vya uashi vya mume wangu. Kuta hizi alizipanga tofali kwa tofali nikimletea chai, mimba ya binti yangu ikiwa tumboni. Kesho nazitoa sadaka, na siyo kwa Mungu. Nasema ukweli wangu hapa, si kwa ajili ya watoto tu. Watoto wamekwisha kutoka. Nafanya hivi kwa sababu nataka kuuona uso wa Shemeji.

Jumamosi, 20 Julai

Kumekucha kweupe, jua limewaka. Uwanja ulijaa, utepe umefungwa mlangoni kwa Shemeji, ofisa wa utalii amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyoogopa matope.

Binti yangu ndiye aliyeanza. Akasimama mbele ya meza yake, akatangaza kwa utamu, "Jamani wapendwa, sogeeni wote barabarani! Picha ya leo inatoka vizuri zaidi mkiwa kule!" Hakuna kitu mgeni anachotii kama neno picha. Wakasogea wote, pamoja na ofisa. Juu ya zege akabaki Shemeji peke yake, ameshika maikrofoni, hajui kwa nini ameachwa.

Lakini akaanza. Nilidhani angalau leo, baada ya Alhamisi, ataruka kile kipande. Hakukiruka. Akamtambulisha shemeji yake kipenzi pale dirishani, nikapungia mkono. Akasema mwiko mkono wa kulia. Akasema chupa mkono wa kushoto.

Kamba ya kwanza ikakatika, turubai likalegea bega moja. Ya pili. Mlevi akajikunja kiuno, akapiga magoti, akaanguka kifudifudi juu ya zege nyuma ya Shemeji kwa kishindo. Watu wakashangilia, wakadhani ndiyo onyesho jipya. Kisha Mama Mapacha akashusha pazia jekundu kutoka dirisha lake la juu, na mimi nikashusha lile aliloniletea kutoka dirisha langu.

Yakanyooka yote mawili hadi chini. Kitambaa hakina upande, kinashuka tu. Kila moja lilikuwa limening'inia mbali na ukuta wake, chini kabisa mtoto angeweza kupita kati yake na ukuta, na kati ya yale mapazia mawili yaliyosimama wima kila mtu aliona nyumba mbili zimeinamiana kama wazee wawili wanaosengenyana.

Vicheko vikapungua kimoja kimoja.

"Mbona na yako?" akauliza ofisa wa utalii.

Shemeji akageuka kuitazama nyumba yake. Akasema fundi ni mmoja, zote amejenga kaka.

"Alilewa mara mbili?" mtu mmoja akadakia, "halafu mara ya pili akalewa kwa upande mwingine?"

Wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wanamtazama yeye.

Nikateremka. Sikukimbia, niliwapita watu nikiomba njia, nikafika ukingoni mwa zege. Kwa karibu niliona jasho limemshuka hadi kwenye kola.

"Waambie kuna nini chini ya miguu yako," nikasema.

Akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Shemeji, watafunga zote mbili. Na wewe utatoka."

"Nimeshafungasha."

"Nitakuwa mtu gani hapa mjini?"

"Utakuwa kama kaka yako alivyokuwa. Ila wewe utakuwa na sababu."

Akamtafuta mkewe juu dirishani. Mama Mapacha alikuwa bado ameshika mkasi, hakupepesa. Akamtafuta binti yangu, ambaye alikuwa anafunga meza ya tiketi. Hakuna aliyemrushia kamba. Akaondoa kiganja. Macho yale ya mume wangu yakajaa maji mbele yangu, na kwa mara ya kwanza msimu huu nikamwonea huruma, ndogo, kama punje. Nikaitafuna.

"Kaka yangu hakunywa pombe," akasema. "Hakuwahi. Alizijenga zikiwa wima. Shimo nililichimba mimi, alinikataza, nikachimba."

Alisema haraka, kwa sauti ndogo, mdomo mbali na maikrofoni, akaanza kukunja waya wake aondoke.

Nikamshika mkono.

"Sema tena, Shemeji," nikamwambia. "Wa nyuma hawakusikia."